Mchumi aliyeisoma Kongwa

Oktoba 1950 matingatinga yalikuwa bado yako Kongwa, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Wilaya ya Mpwapwa, na serikali ya London ilikuwa haijatamka hadharani kwamba mpango wake wa kulima karanga Tanganyika umekufa. Mwezi huo gazeti la The Times likachapisha uchambuzi wa profesa mmoja wa Oxford, Sally Herbert Frankel. Wapinzani wa serikali bungeni walikuwa wameshaifanya Kongwa silaha ya kisiasa. Yeye alitaka jibu. Ilikuwaje taifa lenye wanasayansi, wahandisi na wahasibu wa kila namna limwage mamilioni ya pauni kwenye nyika ya Ugogo kabla ya kujua kama karanga zitazaa humo kiasi cha kurudisha gharama?

Miezi mitatu baadaye, Januari 1951, serikali ilisalimu amri. Takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa vitabuni.

Habari za Kongwa tunazisimulia hadi leo, lakini jina la Frankel halisikiki katika masimulizi hayo. Ni hasara kwetu, maana katika wachumi wa karne ya 20 ni wachache walioiangalia nchi hii ya kati kwa makini namna ile. Alikosea mambo kadhaa, nami nitayasema. Ila lile aliloliona Kongwa aliliona sawasawa, na kila mwenye mpango wa kuufyeka uwanda wa Dodoma anapaswa kulijua.

Frankel alizaliwa Johannesburg mwaka 1903 katika familia ya Wayahudi waliotoka Ujerumani, wafanyabiashara wa nafaka. Mahindi yalikuwa mazungumzo ya nyumbani, na kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1926, kilihusu soko la mahindi la Afrika Kusini. Kingine kilifuata mwaka 1928 kuhusu sera ya reli. Alisoma Witwatersrand na London, na kabla hajatimiza miaka 30 alikuwa profesa Witwatersrand. Mwaka 1938 alitoa kazi iliyomjengea jina, utafiti mkubwa wa mitaji iliyowekezwa Afrika kusini mwa Sahara. Alifuatilia pauni zilizoingia kwenye migodi, reli na mashamba, koloni kwa koloni, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mtaji ilikimbilia madini na kwamba reli nyingi zilijengwa kwa matumaini zaidi kuliko kwa hesabu. Mwaka 1946 Oxford ikamwita kushika kiti cha uprofesa wa uchumi wa makoloni, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 1971.

Mwaka huohuo wa 1946 ndipo Kongwa ilipoanza kuchorwa kwenye karatasi.

Chanzo kilikuwa uhaba wa mafuta ya kula. Uingereza ilitoka vitani ikiishi kwa mgao, na majarini ilikuwa haba. Machi 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka serikalini wazo la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki. Wakateuliwa watu watatu kuja kuangalia: John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, David Martin kutoka mashamba ya kampuni hiyo, na John Rosa, mtu wa benki. Walizunguka wiki tisa, maeneo mengi wakiyatazama kutoka angani. Septemba ripoti ilikuwa mezani. Zifyekwe ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja: 80 Tanganyika, 17 Rhodesia Kaskazini na 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa karibu pauni milioni 25.

Itazame hesabu hiyo kwa utulivu. Mashamba 107, yote ekari zilezile. Nachingwea na Kongwa hazina udongo mmoja wala mvua moja, na Urambo, eneo la tatu la mpango, ni nchi nyingine kabisa, lakini kwenye karatasi zilikuwa kitu kimoja kilichorudiwa mara nyingi. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliubeba mpango huo kwa moyo wote. Naye alikuwa mtu wa uchumi: katika miaka ya 1930 vitabu vyake vya mrengo wa Karl Marx vilisomwa na maelfu ya vijana wa Uingereza. Aliamini kwa dhati kwamba dola ikishika mtaji na mashine itafanya kwa miaka michache yale ambayo soko halikuyafanya kwa karne nzima. Sidhani alikuwa na nia mbaya na Tanganyika. Aliamini, basi.

Kongwa ilichaguliwa kuwa ya kwanza kwa kuwa ilionekana tupu. Watu wachache, vichaka vingi, mibuyu hapa na pale. Kwa Wagogo jirani na eneo hilo, uchache wa watu ulikuwa na maelezo: maji hayatoshi, na mvua ya pale haina ahadi. Ugogo wote uliikumbuka Mtunya, njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza iliyoua watu kwa maelfu baada ya majeshi kuchukua ng'ombe, nafaka na nguvu kazi, kisha mvua nazo zikagoma. Mtu aliyekulia katika masimulizi hayo hapandi zao moja kwenye eneo lote alilonalo. Anapanda uwele na mtama, kidogo bondeni na kidogo mlimani, na ng'ombe wengine anawaweka kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame ukipiga huku, kule wapone. Mwanaanthropolojia Peter Rigby alikuja kuieleza sehemu ya utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu ng'ombe na undugu miongoni mwa Wagogo. Mwaka 1946 hakuna aliyeuweka kwenye hesabu.

Kazi ikaanza mwaka 1947. Reli ya tawi ikachepushwa kutoka Msagali kwenda Kongwa. Matrekta yalitafutwa hadi kwenye mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na mengi yalifika yakiwa mabovu. Baadaye vifaru vya kivita aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Vichaka vya Kongwa vinaonekana vyepesi kwa juu, lakini mizizi yake imesokotana chini, na majembe ya chuma yalikatika humo. Kwenye mapango ya mibuyu walikuwamo nyuki, na nyuki hawakupisha trekta. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Mwezi Septemba mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na reli hadi Kongwa. Haikuwa ajabu. Maelfu ya wafanyakazi wa Kiafrika walikuwa wamerundikana mahali pasipokuwa na chakula cha kutosha wala maji ya kutosha, na bei ya nafaka katika vijiji vya jirani ilipanda kwa sababu yao.

Kisha ardhi yenyewe ikatoa hukumu. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao jua likishauchoma baada ya mvua unakuwa mgumu mno. Karanga hukomaa chini ya ardhi, na zikishakomaa zinatakiwa kung'olewa. Kwenye udongo ule mashine zilishindwa kuzing'oa. Ukame ukafuata. Shirika la umma lililoupokea mpango kutoka kwa kampuni mwaka 1948, Overseas Food Corporation, lilijaribu kuongeza alizeti na kupunguza karanga, na alizeti nayo ikanyauka. Hesabu za shirika hilo zilipokaguliwa, wakaguzi wakasema vitabu havikutunzwa ipasavyo. Yaani fedha zilitumika, na hata aliyezitumia hakuweza kueleza kwa ukamilifu zimekwenda wapi.

Hapo ndipo uchambuzi wa Frankel, alioujumuisha katika kitabu chake cha mwaka 1953 kuhusu athari za uchumi katika jamii zisizoendelea, unapopata uzito. Wengi walitaja nyuki na vipuri. Frankel alisema hayo yote ni matawi, akaliendea shina. Kosa, kwa maoni yake, lilikuwa kudhani kwamba mtaji ni shehena: unaipakia London, unaishusha Dar es Salaam, unaifungua Kongwa, na uzalishaji unaanza. Mtaji, alisisitiza maisha yake yote, hauna maisha nje ya watu wanaojua kuutumia, nje ya taasisi zinazousimamia, nje ya ujuzi wa mahali uliokusanywa taratibu kwa kupata na kukosa. Trekta lililofika pasipo na fundi, vipuri, maji, wala mkulima anayeujua udongo ule linabaki kuwa chuma.

Aliongeza jambo la pili ambalo naliona zito kuliko hilo. Mpango uliendeshwa kama operesheni ya kijeshi: lengo limetajwa, lazima lifikiwe, na anayeleta habari mbaya anaonekana msaliti. Hapakuwa na mahali ambapo mtu angeweza kusema simameni akasikilizwa. Mfanyabiashara wa kawaida husimamishwa na benki au na mfuko wake mtupu. Kongwa fedha zilitoka hazina, na kadiri mpango ulivyoshindwa ndivyo zilivyoongezwa. Ndiyo maana alitaka kuanza kidogo: mashamba machache ya majaribio, misimu kadhaa, hesabu wazi, kisha uamuzi. Ripoti ya mwaka 1946 ilikuwa imeona kwamba dunia yenye njaa haiwezi kungoja majaribio.

Jambo linalouma zaidi ni kwamba sehemu ya majaribio hayo ilikuwa imeshafanyika, tena katika wilaya ileile.

Mpwapwa ina kituo cha utafiti wa mifugo ambacho mizizi yake ni ya enzi za Wajerumani. Kuanzia mwaka 1933 mtafiti wa hapo, Staples, alitenga vipande vidogo vya ardhi kwenye mteremko mpole na kupima maji yanayokimbia na udongo unaochukuliwa kila mvua inyeshapo. Ni miongoni mwa vipimo vya kwanza kabisa vya aina hiyo barani Afrika. Penye kichaka kisichoguswa, maji yaliyokimbia hayakufika asilimia 1 ya mvua, na udongo haukuondoka. Palipolimwa nafaka, karibu robo ya mvua ilikimbia na tani 78 za udongo kwa hekta zikaenda nayo kwa mwaka. Palipoachwa wazi, nusu ya mvua ilipotea pamoja na tani 146. Kichaka kile, ambacho mtazamaji wa kutoka angani alikiona ni pori lisilo na faida, kilikuwa ndicho kinachoweka maji ardhini. Mwaka 1947 wakaanza kukifyeka kwa matingatinga.

Na wakati Kongwa inateketeza mamilioni, kituo hichohicho cha Mpwapwa kilikuwa kinaendelea polepole na kazi nyingine iliyohitaji subira: kuzalisha ng'ombe wa maziwa na nyama atakayestahimili nchi kame. Walichanganya zebu wa Tanganyika, Boran, Sahiwal na Red Sindhi, na damu kidogo ya Ayrshire, wakachagua, wakatupa, wakarudia, kizazi baada ya kizazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akapatikana ng'ombe aliyepewa jina la wilaya yenyewe, ng'ombe wa Mpwapwa. Hakuna aliyemtolea hotuba bungeni. Lakini bado yupo, na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania kiko Mpwapwa hadi leo. Ningeulizwa nitoe ushahidi mmoja kwamba Frankel alikuwa sahihi, nisingekwenda Oxford. Ningemtaja ng'ombe huyo.

Sasa niseme alipokosea.

Kati ya 1953 na 1955 Frankel alikuwa mjumbe wa Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki chini ya Sir Hugh Dow. Humo alikuwamo Arthur Gaitskell aliyeongoza mradi wa pamba wa Gezira, Sudan, na alikuwamo Mtanganyika mmoja, Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga. Ripoti yao ya mwaka 1955 ilisema mambo ya haki ambayo wakoloni wengi hawakupenda kuyasikia: mipaka ya kikabila na ya rangi katika ardhi na biashara iondolewe, Mwafrika asifungiwe katika hifadhi ya kabila lake, masoko ya mazao yafunguliwe. Alama za Frankel zinaonekana wazi. Tangu Afrika Kusini alikuwa akipinga vizuizi vya rangi katika ajira kwa kuwa vinaua uzalishaji.

Ripoti hiyo hiyo ikapendekeza ardhi imilikiwe na mtu mmoja mmoja, kwa hati inayoweza kuuzwa na kuwekwa rehani. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipoanza kulielekea wazo hilo, Mwalimu Nyerere akajibu mwaka 1958 kwa andiko lake la Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: ukiifanya ardhi bidhaa katika nchi yenye maskini wengi na matajiri wachache, baada ya muda mfupi utakuwa na mabwana wa ardhi na wapangaji. Mwaka 1963 umiliki huru ulifutwa. Mimi nasimama na Mwalimu katika hili, na sababu yangu ni Ugogo wenyewe. Mahali ambapo mvua huruka kijiji hiki na kuangukia kile, usalama wa mtu uko katika kupata malisho na maji mahali pengi. Hati ya kipande kimoja haimpi hilo. Inaweza hata kumnyang'anya. Frankel aliyewaonya wengine wasilete Kongwa kitu kilichobuniwa mbali, hapa naye alileta kimoja.

Kuna kosa la pili, la kunyamaza zaidi kuliko la kusema. Frankel alihoji kama karanga zingelipa. Hakusukuma mbele vya kutosha swali la zilikuwa za nani. Zilikuwa za kupunguza foleni ya majarini Uingereza. Kizazi cha wachumi wetu kilichofuata kilianzia hapo. Justinian Rweyemamu, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu kudumaa kwa maendeleo na ujenzi wa viwanda Tanzania, alionyesha jinsi uchumi wa nchi ulivyopangwa tangu ukoloni uzalishe kisichotumika hapa na utumie kisichozalishwa hapa. Rweyemamu alifariki mwaka 1982 akiwa bado kijana, na pengo lake halikuzibika kirahisi. Ukiwasoma wote wawili pamoja ndipo unapoipata Kongwa nzima: mmoja anakueleza kwa nini mpango ulianguka, mwingine kwa nini uliletwa.

Hata sisi tulipojitawala, tuliirudia Kongwa. Mwaka 1961 ripoti ya Benki ya Dunia ilipendekeza wakulima wahamishiwe kwenye makazi mapya yenye mashine na usimamizi wa karibu. Serikali ikajenga makazi kadhaa kwa gharama kubwa, na mwaka 1966 ikatangaza kuacha. Halafu ikaja Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ya kuwakusanya watu katika vijiji, na miaka michache baadaye nchi nzima ikaingia vijijini. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, bomba la maji. Lakini wengi waliwekwa mahali ambapo mashamba yao ya zamani yakawa mbali, na kalenda ya operesheni haikujali kalenda ya kilimo. Nyerere aliyempinga Frankel kwa haki kuhusu hati angefaidika kumsikiliza kuhusu operesheni.

Frankel aliishi muda mrefu. Uzeeni aliandika juu ya falsafa ya fedha, akibishana na mchumi Keynes, na mwaka 1992 akatoa kumbukumbu za maisha yake. Alifariki mwaka 1996. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 Kongwa ilimegwa kutoka Mpwapwa ikawa wilaya kamili. Ardhi iliyofyekwa kwa ajili ya karanga ilikuwa imegeuka ranchi ya ng'ombe zamani, na tangu 1964 Kongwa ilikuwa na sifa nyingine iliyo kubwa kuliko karanga: kambi za wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na kwingineko. Katika soko la Kibaigwa, ndani ya wilaya hiyo, nafaka ya wakulima wadogo huuzwa kwa wanunuzi wa mikoa mingi. Na karanga? Zinalimwa Mpwapwa, Kongwa na Dodoma yote, ekari moja huku, nusu ekari kule, zimechanganywa na mazao mengine. Mbegu bora kama Pendo zilitoka kwa watafiti wetu wa Naliendele, Mtwara, baada ya miaka ya kupanda na kulinganisha.

Machi 2023 serikali ilizindua Dodoma mpango wa kuwapa vijana mashamba makubwa ya pamoja, na miongoni mwa ya kwanza ni ya Chinangali na Ndogowe, Chamwino, jirani kabisa na Mpwapwa. Naukaribisha mpango huu. Umetanguliza umwagiliaji, wenye kulima ni Watanzania, na mazao ni yetu. Lakini ni mtaji mkubwa, ni mashine, ni ufyekaji, na ni lengo lililotangazwa kitaifa, katika uwanda uleule. Basi Wizara ya Kilimo itoe kila mwaka, kwa Kiswahili, hesabu ya kila shamba: ekari zilizofyekwa, zilizopandwa, zilizovunwa, gharama ya ekari moja, vijana waliobaki na walioondoka, udongo uliopotea. Watafiti wa Mpwapwa, wanaojua tangu 1933 namna ya kupima hilo la mwisho, wapewe kazi hiyo pamoja na mamlaka ya kusema shamba fulani lisimame, na wakisema, lisimame.